Kamera Ndogo Tamashani: Kwa Nini Picha Hutoka na Chenga, na Haki Zake ni za Nani

Kamera ndogo za dijitali, zile ambazo wakati mmoja zilikuwa zikining'inia mikononi mwa jamaa katika kila harusi ya Mombasa, zimerudi. Vijana wanazitoa makabatini mwa wazazi wao, wengine wananunua zilizokwisha tumika, na kila panapokuwa na tamasha la usiku, iwe ni bustani ya Mama Ngina, ukumbi wa Tononoka au hoteli za ufuoni Nyali na Bamburi, mikono inayoinuka juu ya umati haishiki simu peke yake. Pamoja na kamera hizo yamerudi maswali, na majibu yanayotolewa barazani na mitandaoni yanapingana. Mmoja anasema picha safi hutoka kwa kamera yenye megapikseli nyingi, mwingine anaapa kwamba dawa ya giza ni flashi. Langoni baunsa anairudisha kamera moja na kuipitisha nyingine bila kueleza tofauti yake. Kisha, wiki chache baada ya shoo, picha ya shabiki inatokea kwenye bango la tamasha lijalo, na watu wanabishana kama jambo hilo ni halali.

Makala haya yanafafanua mambo mawili: ubora wa picha, na haki ya kuipiga na kuitumia. Yanaonekana kuwa mbalimbali, lakini kinachoyatatiza ni kimoja. Tunakitazama kifaa na kukihukumu kwa ukubwa au bei yake, hali jibu la swali la kwanza limo katika mwanga ulioko jukwaani, na jibu la swali la pili limo katika kile kitakachofanywa na picha baada ya kupigwa.

Ninaposema kamera ndogo nina maana ya kamera inayoingia mfukoni na ambayo lenzi yake haing'oki. Kwa hesabu za chama cha watengenezaji wa kamera wa Japani, kamera za dijitali zilizotoka viwandani mwaka 2010 zilizidi milioni 120, nyingi kati ya hizo zikiwa ndogo. Simu zilipopata kamera nzuri idadi hiyo iliporomoka, na mwaka 2023 haikufika milioni 8. Ndiyo maana nyingi ya kamera zinazoonekana tamashani leo ni za zamani. Mwenye kuinunua anapokea kifaa kilichobuniwa kwa ajili ya picha za mchana na za sebuleni, kisha anakipeleka mahali pagumu kuliko pote kwa mpiga picha yeyote: gizani, mbali, mbele ya mtu asiyetulia.

Mwanga kwanza

Kuna maneno machache ya kushika kabla ya kuendelea. Kihisi ni kipande bapa kilichoko nyuma ya lenzi ambacho hupokea mwanga na kuugeuza kuwa picha. Picha hiyo huundwa na vinukta vidogo viitwavyo pikseli, na pikseli milioni moja ndizo megapikseli moja. Tundu la lenzi ni uwazi ambao mwanga hupitia, na ukubwa wake huandikwa kwa namba kama f/2 au f/5.6. Hapa wengi hukanganyika, kwa sababu namba ikiwa ndogo, tundu ndilo kubwa. Shata ni pazia linalofunguka ili mwanga uingie na kufungwa baada ya muda unaohesabiwa kwa visehemu vya sekunde, kwa mfano 1/60 au 1/250. ISO ni kiwango ambacho kamera hukuza ishara iliyopatikana kutoka kwa kihisi. Vile vidoa vya rangi vinavyotapakaa katika sehemu za giza za picha ndivyo watu huviita chenga.

Uhusiano wa mambo haya unafahamika vizuri ukiwafikiria watu wawili wanaokinga maji ya mvua uani, mmoja kwa kikombe cha kahawa na mwingine kwa beseni. Mvua ni ile ile na muda ni ule ule, lakini mwenye beseni atapata maji mengi zaidi kwa sababu chombo chake ni kipana. Kihisi ndicho chombo hicho. Katika kamera nyingi ndogo, kihisi kina upana wa milimita 6.2 hivi na kimo cha milimita 4.6, yaani eneo la milimita za mraba 28. Kihisi cha kamera kubwa inayobebwa na wapiga picha wa magazeti kina milimita 36 kwa 24, yaani milimita za mraba 864. Tofauti hiyo ni ya mara thelathini. Mchana wa jua la Mombasa ni kama masika: hata kikombe hujaa papo hapo, na ndiyo sababu picha za ufuoni saa nane mchana hutoka vizuri kwa kamera yoyote ile. Jukwaa la usiku ni manyunyu. Mwenye kikombe hana budi kukiacha nje muda mrefu zaidi ili apate maji ya kumtosha.

Kuacha chombo nje muda mrefu, katika lugha ya kamera, ni kuiacha shata wazi kwa muda mrefu, na hapo ndipo tatizo la pili linapozaliwa, kwa sababu mwimbaji hamsubiri mtu. Mpiga tashkota wa taarabu aliyeketi anaweza kunaswa kwa 1/60 bila shida kubwa. Mpuliza saksafoni wa muziki wa bango anayeyumba na wimbo wake anahitaji 1/125. Wacheza chakacha, au msanii wa kizazi kipya anayeruka kutoka upande mmoja wa jukwaa hadi mwingine, wanahitaji 1/250 au kasi zaidi ya hiyo. Kamera ndogo ikiachwa ijiamulie yenyewe usiku, mara nyingi itachagua 1/30 au hata 1/15, na picha itakayotoka itaonyesha jukwaa lililotulia na msanii aliyegeuka moshi. Mpiga picha atadhani mkono wake ulitetemeka. Pengine haukutetemeka hata kidogo. Aliyesogea ni msanii.

Jambo hili linafaa kusisitizwa, kwa kuwa wauzaji wa kamera hutaja uwezo wa kutuliza mtikisiko kama kwamba unatatua kila kitu. Uwezo huo hutuliza mtikisiko wa mkono wa anayepiga. Hauwezi kumtuliza anayepigwa. Ukipiga picha ya Fort Jesus usiku, utakusaidia sana, kwa sababu ngome hiyo haijasogea tangu Wareno walipoijenga miaka ya 1590. Ukimpiga mcheza ngoma, msaada wake ni mdogo mno.

ISO nayo hueleweka visivyo. Kupandisha ISO kutoka 100 hadi 1600 hakuongezi mwanga wowote ndani ya kamera. Kunakuza kile kidogo kilichopatikana, pamoja na uchafu wake, na uchafu huo ndio chenga. Hata hivyo, ushauri wangu kwa anayeenda tamashani ni kwamba asiiogope ISO. Picha yenye chenga lakini iliyonasa uso wa mwimbaji akiwa katikati ya neno inabaki kuwa picha, ilhali picha laini isiyo na chenga, lakini ambayo sura ya mtu imefutika kwa mwendo, haina pa kwenda. Chenga zinaweza kupunguzwa baadaye kwa programu ya simu, au picha ikageuzwa kuwa nyeusi na nyeupe zikawa sehemu ya uzuri wake. Sura iliyofutika hairudi.

Kabla ya kutoka kwenye jambo hili la mwanga, lazima pia tuizungumzie zumu, kwa sababu ndiyo inayowapotosha mashabiki wengi wanaosimama nyuma. Lenzi ya kamera ndogo ikivutwa, tundu lake huwa linapungua. Kamera inayoanzia f/2 ikiwa haijavutwa huweza kuishia f/5.6 ikivutwa hadi mwisho, na tofauti baina ya namba hizo mbili ni kwamba mwanga unaoingia umepungua mara nane. Shabiki anadhani amemsogeza msanii karibu, na kwa hakika amemsogeza, lakini papo hapo ameipa kamera sehemu moja tu kati ya nane za mwanga iliokuwa nao. Kamera inalipa pengo hilo kwa kupunguza kasi ya shata au kwa kupandisha ISO, na matokeo yake ni moshi au chenga. Kuna pia zumu ya dijitali, ambayo haivuti chochote. Inakata kipande cha katikati ya picha na kukikuza. Ukiivuta mara mbili umebakiwa na robo ya pikseli zako. Izimeni kabisa katika mipangilio ya kamera. Ni afadhali kusogea hatua kumi mbele mapema, wakati vikundi vya utangulizi vinapoimba na umati haujashikana.

Flashi, rangi na taa za jukwaani

Imani kwamba flashi huondoa giza la tamasha ndiyo iliyoenea kuliko zote, na ndiyo iliyo mbali na ukweli kuliko zote. Mwanga wa flashi hufifia kwa mraba wa umbali. Ukiongeza umbali mara tano, mwanga unaofika si sehemu moja ya tano bali ni sehemu moja ya ishirini na tano. Flashi ya kamera ndogo hutosha mtu aliye umbali wa mita tatu au nne. Msanii aliye mita ishirini kutoka kwako hapati chochote cha maana. Wanaoupata mwanga huo ni watu wa safu ya mbele yako, na ndiyo sababu picha za namna hiyo huonyesha visogo vyeupe na jukwaa jeusi. Tena kamera, kwa kujua kwamba flashi imewaka, hupunguza muda wa shata na ISO, na hivyo kuyapoteza hata yale mataa ya jukwaani ambayo yangetosha kutoa picha nzuri. Hata wapiga picha wa magazeti, wanaoruhusiwa kusimama mbele kabisa, hufungwa na desturi inayofuatwa katika nchi nyingi: nyimbo tatu za mwanzo tu, na bila flashi. Zimeni flashi, na zimeni pia ile taa ndogo nyekundu au ya rangi ya chungwa inayosaidia kamera kulenga, kwani nayo humwakia msanii machoni.

Ukishaizima flashi, mwanga unaobaki ni wa mtaalamu wa taa, na huo una tabia zake. Jukwaa huwa na mandhari nyeusi na mtu mmoja aliyemulikwa. Kamera hupima mwanga wa eneo lote kwa wastani, inaliona giza jingi, inaamua kwamba picha inahitaji kuongezewa mwanga, na uso wa mwimbaji unaungua ukawa mweupe usio na macho wala pua. Dawa yake ni kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, ambacho kipo karibu katika kila kamera ndogo: kishusheni hadi kutoa moja, na ikiwa msanii amevaa kanzu au gauni jeupe, hadi kutoa mbili. Hatua hii moja ina faida mara mbili, kwa sababu kamera ikiambiwa ipunguze mwanga, inaweza pia kuongeza kasi ya shata. Kama kamera yako ina uwezo wa kupima mwanga wa nukta moja tu ya katikati, utumie na uielekeze nukta hiyo usoni.

Rangi ni habari nyingine. Mashabiki wengi hulalamika kwamba msanii aliyemulikwa kwa taa ya buluu au nyekundu hutoka kama doa lisilo na umbo. Sababu yake iko ndani ya kihisi. Pikseli zake zimefunikwa na vichujio vya rangi kwa mpangilio uliobuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak katika miaka ya 1970: nusu ya vichujio ni vya kijani, robo ni vyekundu na robo ni vya buluu. Jukwaa likiwa la buluu tupu, sehemu kubwa ya pikseli hazioni karibu chochote, na ile robo inayoona inajaa kupita kiasi. Hakuna mpangilio wa kamera utakaoiponya picha hiyo kikamilifu. Kinachofaa ni kungoja. Taa za jukwaani huenda kwa mzunguko unaofuata wimbo, na ukiusikiliza wimbo vizuri utajua kwamba kiitikio huja na taa nyeupe au za manjano. Anayeyajua mashairi ya msanii hupata picha bora kuliko anayeijua kamera peke yake, na hili ndilo jambo ambalo shabiki anamshinda nalo mpiga picha wa kukodiwa.

Ile mistari myeusi inayokata picha wakati mwingine si dalili ya kamera mbovu. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi zinazoutumia moja kwa moja huwaka na kufifia mara 100 kila sekunde, kasi ambayo jicho haliitambui. Taa za LED za jukwaani na yale maskrini makubwa ya nyuma nayo huwaka na kuzimika kwa kasi yake. Shata ya kielektroniki husoma kihisi mstari baada ya mstari, kwa hiyo mistari mingine inasomwa taa ikiwa imewaka na mingine ikiwa imefifia. Kama kamera inakuruhusu kuchagua, jaribu 1/50 au 1/100, ambazo huoana na umeme wetu, au uchague shata ya kawaida badala ya hiyo ya kielektroniki, ile ya kimyakimya. Miale ya leza ni ya kuogopwa kwa namna tofauti. Mwale ukiingia moja kwa moja ndani ya lenzi unaweza kukichoma kihisi na kuacha doa la kudumu. Wanapoanza kuirusha miale hiyo kuelekea kwa umati, teremsheni kamera.

Yanayosemwa kuhusu kamera zenyewe

Megapikseli hazina neno kubwa hapa. Picha ya megapikseli 12 ina pikseli 4000 kwa 3000, ambazo zinatosha kuchapisha picha safi ya sentimita 34 kwa 25, na ni nyingi mno kwa kioo cha simu. Kihisi kidogo kikigawanywa kwa megapikseli 20 hakipati mwanga zaidi, kwa hiyo kamera ya zamani ya megapikseli 10 si lazima ishindwe na jirani yake iliyo mpya.

Na je, kamera ndogo inaishinda simu? Si kila mara. Simu nzuri za siku hizi zina vihisi vilivyo sawa au vikubwa kuliko vya kamera nyingi ndogo, na usiku hupiga picha kadhaa kwa mfululizo na kuziunganisha kuwa moja. Muungano huo hufana kwa majengo na watu waliotulia, lakini kwa msanii anayeruka unaweza kuacha mikono mitatu au uso wenye kivuli chake. Kamera ndogo inaishinda simu katika zumu ya lenzi halisi, na katika kumwezesha mtu kuchagua mwenyewe kasi ya shata. Zipo pia kamera ndogo zenye kihisi kikubwa zaidi, cha milimita 13.2 kwa 8.8, kama zile za RX100 ambazo Sony ilianza kuzitoa mwaka 2012. Hizo zina eneo la mara nne ya kihisi cha kawaida, na kwa anayepania picha za jukwaani, ndizo ninazoziona kuwa na thamani ya fedha yake.

Wanaonunua za zamani huambiwa kwamba kihisi cha aina ya CCD, ile iliyokuwa ikitumika katika kamera za zamani, kina rangi za kipekee. Rangi hutokana na vichujio, na jinsi kompyuta ndogo ya ndani ya kamera ilivyofundishwa kuzichakata, na sehemu kubwa ya mvuto wa picha za miaka ya 2000 ni ile flashi ya karibu iliyowapiga watu usoni. Kwa marafiki walio kando yako kabla ya shoo kuanza, mvuto huo upo na ni halali kuutaka. Jukwaani hautakufikia. Kuna la kuangalia zaidi kabla ya kulipa: kamera zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2006 kwa kawaida hazisomi kadi za SD zinazozidi gigabaiti 2, na kadi ndogo kiasi hicho hazipatikani kila duka.

Mombasa ina adui wake pia, ambaye vitabu vya maelekezo vya kamera humtaja kwa haraka. Ukitoka katika chumba au gari lenye kiyoyozi na kuingia katika joto la ufuoni, mvuke uliomo hewani hugeuka maji juu ya lenzi na hata ndani yake. Watu huifuta kwa shati, na dakika moja baadaye ukungu umerudi, wakadhani lenzi imeharibika. Kamera ibaki ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa hadi ishike joto la nje, kwa robo saa au zaidi. Baada ya shoo ya ufuoni, ifuteni kwa kitambaa kilicholowa kidogo maji baridi ili kuondoa chumvi ya upepo wa bahari, kisha iwekwe pakavu pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Kamera iliyosahauliwa kabatini katika nyumba ya karibu na bahari huota kuvu ndani ya lenzi, na kuvu hiyo haifutiki kwa nje. Ichunguzeni kabla ya kununua kwa kuimulika lenzi na tochi ya simu.

Langoni, na baada ya lango

Upande wa haki umevurugika kwa sababu maswali matatu yamefungwa pamoja kama kwamba ni moja: je, naruhusiwa kuingia na kamera, picha nitakayoipiga ni ya nani, na je, naruhusiwa kuitumia vipi? Jibu la moja halitoi jibu la jingine.

Kuingia na kamera ni jambo la mapatano. Tiketi ni makubaliano baina yako na mwandalizi, na masharti yaliyoandikwa juu yake au kwenye bango la langoni ni sehemu ya makubaliano hayo. Neno "kamera za kitaalamu haziruhusiwi" ni sharti la mwandalizi, na walinzi wengi hulipima kwa kigezo kimoja, kwamba lenzi inang'oka au haing'oki. Ndiyo sababu kamera ndogo ya bei ghali hupita huku kamera kuukuu yenye lenzi ya kubadilishwa ikirudishwa. Kigezo hicho si cha haki sana, lakini kina sababu zake: mwandalizi huwa amepatana na wapiga picha rasmi, na lenzi ndefu huwazuia wengine kuona. Wasanii wengine huenda mbali zaidi. Kate Bush aliwaomba mashabiki wake wasipige picha katika maonyesho yake ya London mwaka 2014, na Jack White, katika ziara yake ya mwaka 2018, aliwataka mashabiki wafungie simu zao katika mifuko maalumu hadi shoo imalizike. Ulizeni kabla ya kulipa, na mkijibiwa kwa ujumbe, uhifadhini. Anayetoka Likoni akumbuke pia kwamba kupiga picha kivukoni ni marufuku kwa sababu za usalama, kwa hiyo kamera isitolewe mkobani hadi atakapofika anakokwenda.

Picha yenyewe ni ya nani? Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, picha ni ya aliyeipiga, isipokuwa kama aliajiriwa au aliagizwa kuifanya kazi hiyo, na hakimiliki hiyo hudumu kwa miaka 50. Hailazimu kuisajili, ingawa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, husajili kazi kwa anayetaka ushahidi. Msanii hawi mwenye picha kwa sababu sura ni yake, na mwandalizi hawi mwenye picha kwa sababu uwanja ni wake. Kumtaja mwandalizi chini ya picha mtandaoni pia hakumpi ruhusa ya kuichapisha kwenye bango. Video ni jambo jingine kabisa, na kamera hizi ndogo hurekodi video. Sheria hiyo hiyo inampa msanii haki juu ya kunaswa kwa onyesho lake, na mtunzi haki juu ya wimbo wake. Vipande vifupi vya mashabiki huvumiliwa kwa kuwa vinawatangaza wasanii, lakini kuvumiliwa si kupewa haki, na anayerekodi wimbo mzima na kuuweka kwenye chaneli inayomwingizia fedha amevuka mpaka.

Swali la tatu ndilo zito, kwa sababu linawahusu watu ambao hawakupanda jukwaani. Ibara ya 31 ya Katiba ya mwaka 2010 inalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihesabu picha inayomtambulisha mtu kuwa data yake. Sheria hiyo haimfuati mtu kwa matumizi yake binafsi au ya nyumbani kwake, kwa hivyo albamu yako ya kumbukumbu iko salama. Mambo hubadilika picha inapoingia katika biashara. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi Sh1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja wake bila idhini, na shule moja Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Mteja yule alikuwa mahali pa starehe, na bado idhini yake ilihitajika. Hapo ndipo penye jibu kwa wale wanaosema kwamba aliyetoka nyumbani kwake usiku amekubali kupigwa picha. Msanii naye, ingawa anategemea kupigwa, hajakubali sura yake iuzwe juu ya fulana au ipambe tangazo la bidhaa asiyoijua.

Sisi wa pwani hatukuhitaji kungoja sheria ya mwaka 2019 ili tuyajue haya. Usiku wa kupamba bibi harusi, wanawake wakiwa peke yao, mabuibui na mitandio imevuliwa na taarabu inapigwa, mwenye shughuli hukataza kamera na simu, na kila aliyealikwa anafahamu kwa nini. Heshima hiyo haina sababu ya kuachwa mlangoni tunapoingia katika tamasha la wazi. Bi mkubwa aliyesimama kumtuza mwimbaji, binti anayecheza na wenzake, mtoto aliyebebwa mabegani na baba yake, wote hao wanaweza kuwa picha nzuri kuliko msanii. Onyesha kamera, tabasamu, ungoja ishara ya kichwa. Akikataa, geuza lenzi. Akikubali sasa na kukuomba uifute kesho, ifute.

Na mwandalizi akikutafuta kwa sababu ameipenda picha yako, usimjibu kwa furaha peke yake. Mwombe akuandikie, hata kama ni kwa ujumbe wa simu, picha itatumika wapi, kwa muda gani, kwa malipo gani, na jina lako litaandikwaje chini yake. Kama kuna shabiki anayeonekana uso ndani ya picha hiyo, idhini yake itafutwe kabla bango halijapelekwa kwa mchapishaji, na katika ujumbe huo huo iandikwe ni nani kati yenu atakayeitafuta.